HARUFU NAYO NI SHAURI LA CHAMA



Katika mikutano yetu twasema habari ya mshahara, nyumba, saa za ziada, na malipo ya wazee waliostaafu. Hayo ni mambo makubwa, wala sisemi yaachwe. Lakini liko shauri moja ambalo kila likitajwa watu hucheka, na kicheko kikiisha mwenyekiti husema, "Tuendelee na jambo lingine." Ni shauri la harufu mahali pa kazi. Mimi naona ni shauri la chama kama mengine, na nitaeleza sababu zangu.

Kwanza nieleweke. Sisemi harufu ya kazi yenyewe. Mtu akiandikwa reli amekwisha kubali dizeli, grisi, vumbi la breki na jasho. Nasema habari ya harufu ambayo watu wameiongeza na kazi haikuihitaji. Mathalani kile kidude cha plastiki kinachobandikwa ukutani, kikajipulizia manukato chenyewe kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, ijapokuwa chumba kina mtu au hakina. Tena dawa ya kupigia deki yenye harufu ya maua ambayo hayakuota katika nchi yoyote. Tena vile vidonge vyeupe vya chooni.

Mimi ni mtu mzima mwenye usonji. Neno hili ni geni kwa wengi, basi nitalieleza kwa ufupi. Usonji si wazimu, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni namna ubongo ulivyoumbwa tangu utotoni. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner huko Marekani aliandika habari za watoto wa namna hii, na mwaka 1944 Hans Asperger akaandika habari zao huko Vienna. Kwa kuwa wote wawili waliandika juu ya watoto, mpaka leo watu wengi hudhani usonji ni jambo la watoto. Lakini watoto hukua, ndugu zangu. Hukua wakavaa ovaroli, wakapanga foleni ya mshahara kama wengine. Mimi nilipimwa nikiwa na miaka 31, baada ya mtoto wa dada yangu kupimwa, na daktari akauliza kama katika ukoo wetu yuko mtu mwingine wa tabia hizo. Dada yangu akamjibu, "Mjomba wake."

Watu wakisikia usonji hufikiri habari ya kusema na kutazamana machoni. Hiyo ni sehemu tu. Kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani hukitumia kupima magonjwa na hali za akili kiliandikwa upya mwaka 2013, na katika dalili za usonji waliongeza habari ya fahamu za mwili: kuna watu ambao sauti, mwanga, nguo au harufu huwazidi nguvu, na wengine kinyume chake, hawazisikii kama inavyopasa. Si wote walio sawa. Yuko ndugu mmoja mwenye usonji ambaye honi ya treni humfanya ajifunge masikio lakini marashi hayamdhuru hata kidogo. Mimi honi naipenda. Taabu yangu ni pua.

Nitawaeleza jinsi ilivyo. Mtu mwingine akiingia katika chumba chenye manukato makali, husema "lo!" kisha baada ya dakika chache pua yake imezoea, hana habari tena. Pua yangu haizoei. Harufu iliyokuwa kali saa moja asubuhi ni kali vilevile saa sita, tena ni kama imeongezeka, maana kichwa kimechoka kuizuia. Huanza nyuma ya macho. Halafu maneno ya watu huwa hayashikani. Mtu anasema namba ya behewa nami nasikia namba lakini haikai. Halafu tumbo. Siku mbaya hutapika. Baada ya zamu ya namna hiyo hufika nyumbani nikalala gizani bila kusema na mtu, mke wangu ameshajua, huwaambia watoto wakachezee nje.

Nimesoma, nami nalieleza kwa lugha ya kazi yetu, kwamba habari za macho na masikio zikienda ubongoni hupita kwanza mahali panapozipokea na kuzipanga, kama treni zinavyopokewa stesheni na kupewa njia. Habari ya pua haipiti hapo kwanza. Huingia moja kwa moja mpaka sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu na kumbukumbu. Ni kama treni isiyosimama wala kungoja ishara. Ndiyo sababu hata ninyi wenye pua za kawaida mkisikia harufu ya chakula fulani mara mwamkumbuka nyanya. Basi fikirini mtu ambaye treni hiyo humpita kila dakika kumi, zamu nzima ya saa nane.

Mzee mmoja wa kazi aliniambia kwamba hii yangu ni saka. Wasiotoka Taita hawataelewa. Hapo kale, na hata katika siku za mama zetu, kule vilimani mwanamke aliweza kuona au kusikia kitu fulani, kama motokaa, akashikwa ghafla akatetemeka, na watu wakakusanyika ngoma ikapigwa. Mwanamke mmoja Mmarekani, mtaalamu wa mila, jina lake Grace Harris, aliyaandika hayo mwaka 1957. Saka lilikuwa jambo la wanawake, nami ni mwanaume mwenye ndevu, basi watu walicheka sana siku ile. Sisemi saka na usonji ni kitu kimoja, maana si kimoja. Lakini nilipokuwa nikitembea kurudi nyumbani nilifikiri hivi: wazee wetu, pamoja na ushirikina wao wote, hawakumwambia mwanamke yule kwamba motokaa haikupita. Siku hizi mtu husema "naumwa na kitu hiki," na wenzake humjibu, "Mbona sisi hatuumwi?"

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Sitaitaja stesheni wala idara, maana sikuja kumshtaki mtu. Katika ofisi ndogo ambamo mafundi sita wa mabehewa huandika ripoti zao, kilibandikwa kidude kile cha kujipulizia. Nilimwomba msimamizi kiondolewe. Akasema kimeletwa kwa faida ya wote. Nikaomba kiwekwe kwenye korido. Akasema nilete barua ya daktari. Wakati wa kungoja barua nikawa naandika ripoti zangu nje, juu ya benchi la jukwaani, kazi ikaisha kwa wakati wake wala hakuna behewa lililochelewa. Baada ya wiki mbili nilipewa barua ya kujieleza kwa nini nisikatwe mshahara kwa kuacha mahali pa kazi. Mahali pa kazi! Mabehewa yako nje. Benchi lilikuwa karibu na mabehewa kuliko ile ofisi.

Barua ya daktari niliileta, nami nilikuwa na bahati, kwa kuwa nilikwisha pimwa zamani. Lakini yule asiyepimwa afanye nini? Wataalamu wa kumpima mtu mzima ni wachache katika nchi hii, na wengi wao wako Nairobi na Mombasa. Mtu wa Chawia au Kasigau ahesabu nauli, siku za kazi anazopoteza, na malipo ya daktari. Hayo yote ili kidude cha ukutani kisogezwe hatua kumi. Kazini mtu akisema kiti hiki kimevunjika mguu, hatumwambii alete barua ya daktari kwamba mgongo wake hauwezi viti vilivyovunjika.

Tena nawauliza wenzangu watano wa ofisi ile, ambao baadhi yao wameniita Bwana Pua: kidude kile kiliwekwa kwa sababu gani? Kiliwekwa kwa sababu choo kilicho nyuma ya ukuta hakitoi maji tangu zamani. Bomba limepasuka. Badala ya kumleta fundi wa bomba wameleta manukato. Manukato hayaondoi uchafu, huufunika tu. Yule mama anayesafisha ndiye anayebeba maji kwa ndoo kutoka mbali, kisha apige deki kwa dawa inayomkohoza, naye ana pumu. Hajasema kitu kwa kuwa ni mfanyakazi wa kontrakta na anaogopa mkataba wake. Ndugu zangu, shauri la Bwana Pua na shauri la choo na shauri la mama yule ni shauri moja. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga kelele kwa sababu pua yangu haina subira.

Sina budi pia kusema neno moja juu ya pua katika kazi yetu. Fundi wa mabehewa hutumia macho, nyundo, mkono na pua. Breki iliyokaza ikichoma gurudumu, harufu yake hufika kabla ya moshi kuonekana. Bearingi iliyokauka ina harufu yake. Waya ambao ngozi yake ya plastiki inaanza kuungua una harufu kama ya samaki aliyeoza, na mtu aijuaye huzima umeme kabla ya moto. Lori au behewa la mafuta linalovuja hujulikana kwa pua kwanza. Siku hizi ziko mashine kando ya reli za kupima joto la magurudumu, nazo ni nzuri, lakini katika chumba cha waya na ofisini hakuna mashine ila pua za watu. Mtu anayejaza chumba cha umeme manukato ya waridi saa zote amewafumba pua mafundi wote, si mimi peke yangu. Wenzangu wamezoea kuniita wakishuku jambo. "Hebu njoo unuse hapa." Pua hii huitwa ikihitajiwa, kisha huchekwa ikilalamika.

Najua jibu litakalokuja. Watu watasema: wataka tuache marashi? Sisi watu wa Voi tumekaa na watu wa pwani miaka mingi, twajua maana ya harufu nzuri. Mgeni hunyunyiziwa marashi, nyumba hufukizwa udi, bibi harusi huvikwa asumini. Kanisani kwetu ubani hufukizwa. Haya ni heshima, wala mimi sikuja kuyavunja. Siku ya harusi nafika, nakaa karibu na mlango, naondoka mapema, na jamaa zangu hawaoni ubaya. Harusi ni siku moja na hushikwi kwenda. Kazini kuna saa nane, siku sita, na mlango una mtu anayeandika nani ametoka.

Tena si rahisi kumwambia mwenzako habari ya harufu yake. Kwa Kiswahili neno "kunuka" lina aibu ndani yake. Ukimwambia mtu "unanuka" umemtukana, hata ikiwa ni marashi ya bei kubwa. Kwa hiyo nimejifunza kusema juu ya kitu, nisiseme juu ya mtu. Kijana mmoja wa zamu yetu alikuwa akijipaka mafuta makali ya nywele. Nilimwita pembeni, si mbele ya watu, nikamwambia, "Ndugu yangu, mafuta haya ni mazuri, ila kichwa changu hakiyawezi. Ukiyapaka baada ya zamu utanisaidia." Akasema, "Kaka, kumbe! Mbona hukusema?" Jambo likaisha. Lakini mzee aliyenizidi umri siwezi kumwambia hivyo. Kwa wazee nilimtumia mjumbe, kama desturi, na mjumbe wa namna hiyo kazini anapaswa kuwa mwakilishi wetu wa chama. Ndipo chama kinapohitajiwa: kusema lile ambalo mdogo hawezi kumwambia mkubwa.

Watu huniuliza nawezaje siku nyingine zote. Nawajibu kwamba nimejifanyia njia zangu. Nguo zangu za kazi hufuliwa kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato, na hukaushwa mbali na moshi. Matatu ya kutoka Mwatate huipanda nikiwa nimechagua ile ambayo haikutundikwa kile kikaratasi cha kunukia kwenye kioo, makanga wa Voi wamenijua, huniita wenyewe, "Yako hii, haina maua." Nimepatana na mama wa usafi apige deki saa moja kabla ya zamu yangu, madirisha yakiwa wazi, naye mimi humbebea ndoo mbili. Mfukoni nina kipande cha pamba kilichopakwa grisi kidogo. Msicheke. Grisi ni harufu niijuayo, haina hila. Nikiiweka karibu na pua kichwa hutulia. Wengine wenye hali yangu hutumia ganda la limau au buni za kahawa. Barakoa husaidia kidogo kwa vumbi, lakini manukato hupita ndani yake. Na likizo hupanda nyumbani Chawia, nikakaa karibu na msitu wakati ukungu umeshuka. Pale hakuna aliyepulizia kitu, ni udongo uliolowa na majani basi.

Lakini njia hizi zote ni zangu, natumia fedha zangu na muda wangu. Sheria haisemi mfanyakazi ajitengenezee mwenyewe hali njema ya kazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya hali ya kazi inayofaa. Kifungu cha 260 kinapoeleza maana ya ulemavu chataja pia ulemavu wa fahamu za mwili na wa akili, si ule wa mguu na jicho tu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 2003, yataka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa ili mtu aweze kazi yake. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, wafanyakazi nao wakiwa na wajumbe ndani yake. Nawauliza, ndugu: mjumbe wenu katika kamati hiyo ni nani? Mara ya mwisho ilikaa lini? Mimi niliuliza watu kumi na mmoja, na wanane hawakujua kama kamati ipo.

Wala si jambo la hapa tu. Mfanyakazi mmoja wa manispaa ya Detroit, Marekani, ambaye manukato ya mwenzake ofisini yalimzuia kupumua vema, aliishtaki manispaa, na mwaka 2010 wakapatana alipwe dola 100,000, tena matangazo yabandikwe ofisini kuwaomba watu wasijipake manukato makali. Naitaja habari hii ili mabwana wa hesabu waone kwamba kidude kimoja cha ukutani chaweza kuwa ghali kuliko bomba jipya. Sisi hatutaki dola. Twataka madirisha yafunguke.

Wako watakaosema kwamba chama kikianza kushika habari ya pua ya mtu mmoja, kesho kitashika habari ya kila mtu na vidole vyake. Naona kinyume chake. Waliogoma Mombasa mwezi wa Januari 1947 hawakudai mshahara tu, walidai na mahali pa kukaa, kwa sababu mtu haendi kazini kama mikono peke yake. Huenda na mwili wote. Mimi naleta mwili wangu wote, na pua ni sehemu yake. Yule mama huleta mapafu yake. Kijana wa zamu ya usiku huleta macho yake chini ya zile taa zinazopepesa, nazo ni shauri jingine ambalo ningeliandika kama mhariri angeniachia nafasi.

Basi kwa mkutano ujao wa tawi naleta ombi hili, na ndugu wawili wamekubali kuliunga mkono. Chama kiandike barua kwa uongozi kwamba vyumba vya waya, ofisi za mafundi na vyumba vya kupumzikia visitiwe manukato ya kujipulizia, na dawa za usafi zinunuliwe zile zisizo na harufu. Kila dawa inayonunuliwa iletwe pamoja na karatasi yake ya kueleza kilichomo ndani, kama sheria ya mwaka 2007 inavyotaka kwa kemikali, na karatasi hiyo ikabidhiwe wajumbe wa kamati ya usalama. Barua ya kujieleza niliyopewa iondolewe katika faili langu, na isipewe mtu mwingine kwa kukaa benchi la jukwaani wakati kazi inakwenda. Wafanyakazi wa kontrakta wahesabiwe katika jambo hili, ijapokuwa hawalipi ada kwetu. Na kabla ya yote, fundi wa bomba aletwe. Bomba lenyewe nimelipima kwa futi yangu: ni kipande cha futi nne, nchi moja na nusu, na viungo viwili.